Kazi ya Kupasha Watu Habari

Kijana akisema, «Nataka kusomea upashaji habari,» baba humwuliza, «Na chakula utapata wapi?» Ni swali la haki.

Mjini Kinshasa, shule kuu ya kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1973. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chuo cha Kikatoliki cha Nyegezi, karibu na Mwanza, kilichoanza mwaka 1960, kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino mwaka 1998. Wanafunzi hujifunza kuandika habari, kusema katika redio, kupiga picha, na sheria za kazi yao. Anayehitimu aweza kuwa mwandishi, mtangazaji, mhariri, au msemaji wa kampuni, hospitali au jimbo. Kwa hiyo njia ni nyingi.

Lakini somo la kwanza ni kuhakikisha jambo kabla ya kulinena. Penye vita, uvumi mmoja waweza kukimbiza kijiji kizima usiku. Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Waandishi wake wawili waliuawa mjini Bukavu: Serge Maheshe mwaka 2007, na Didace Namujimbo mwaka 2008. Kazi hii si mchezo.

Basi, wazazi, msimkatalie mtoto upesi. Mtazameni: je, hupenda kusoma? Husikiliza kabla ya kusema? Akikosea, hujisahihisha? Akiwa hivyo, mpelekeni chuoni. Lakini kama anatafuta sifa tu, mwonyesheni kazi nyingine.