Kuvu Inayoua Wadudu: Dawa Inayotengenezwa Thika

Thika inajulikana kwa mananasi, ngozi na nguo. Wengi hawajui kwamba katika mji huu iko pia kampuni inayofuga wadudu na kuotesha kuvu makusudi, kisha kuwauzia wakulima. Kampuni hiyo, Real IPM, hutengeneza dawa za shambani kutokana na viumbe hai badala ya kemikali.

Bidhaa yake moja ni utitiri mdogo wa rangi ya machungwa ambaye chakula chake ni utitiri mwekundu, yule anayekausha majani ya waridi na nyanya. Mkulima huwatawanya juu ya mimea nao hujitafutia.

Nyingine ni kuvu iitwayo Metarhizium. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Kasarani, walichagua aina zenye nguvu na kuzipa nambari. Ile ya 69 hushambulia thripsi na nzi wa matunda, ya 78 hushambulia utitiri mwekundu. Kiwandani kuvu huoteshwa juu ya nafaka kama mchele uliochemshwa, kisha mbegu zake, laini kama vumbi, hukusanywa. Mbegu ikimgusa mdudu humnata, huota, hutoboa ngozi yake na kumla kutoka ndani.

Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na hapa ndipo wakulima wengi hukata tamaa. Aliyezoea kupulizia asubuhi na kuokota wadudu waliokufa jioni huona kama ameuziwa maji. Hajauziwa maji, ila dawa hii huanzwa mapema, wadudu wakiwa bado wachache.

Faida yake inaonekana sokoni. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima sehemu kubwa zaidi ya maharagwe mabichi ya Kenya kwa sababu ya mabaki ya kemikali, na mkulima mdogo ndiye aliyeumia mzigo ulipokataliwa. Nzi wa matunda naye, aina iliyogunduliwa nchini mwaka 2003, aliifanya Kenya isitishe kuuza maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021.

Halafu kuna mto. Chania hutoka milima ya Aberdare na kupita kando ya mashamba ya Gatundu Kaskazini. Sehemu ya maji yake husafishwa Ng'ethu kwa matumizi ya Nairobi, na yanayobaki huteremka hadi Thika. Kemikali inayosombwa na mvua shambani hufuata njia iyo hiyo.

Anayetaka kujaribu ajue kwamba kuvu ni kiumbe hai. Ihifadhiwe mahali pa baridi, si juu ya mabati ya stoo. Ipuliziwe jioni, kwa kuwa jua kali huiua. Isichanganywe na dawa ya ukungu, wala bomba lililobeba dawa hiyo lisitumiwe kabla ya kuoshwa vizuri. Kwenye agroveti, tazama kibandiko kama kina nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini, na kama tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Afisa wa kilimo wa wadi yako anaweza kukusaidia kumtambua mdudu aliye shambani kabla hujanunua chochote.