Je, Wajua? Nyembamba Ndiyo Hufika Mbali

Kabla fundi hajachagua mtutu wa bunduki ya masafa marefu, humuuliza mteja: itakula risasi gani? Wengi Marekani hujibu 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha.

Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 6.71, dhidi ya 7.82 za .308 Winchester, risasi kongwe ya mwaka 1952. Kwa kuwa ni chembamba na kirefu, hupasua hewa vizuri, na upepo hukisukuma kidogo; tena bunduki haimpigi mfyatuaji teke kali begani.

Hata hivyo, .308 haijazeeka bure. Mtutu wake huchelewa kuchakaa, na kwa anayefanya mazoezi kila wiki, hilo ni suala la mfuko.