Saa Zilizovaliwa Angani (Sehemu ya 2): Saa Moja Huanzia Wapi?

Sehemu ya kwanza ilipotoka, fundi saa mmoja wa hapa Nyamyumba, Rwanda, alinisimamisha kwenye barabara iteremkayo kwenda kiwanda cha bia. Meza yake ni ndogo kuliko dawati la mwanafunzi: koleo nyembamba, kifuniko cha chupa kilichojaa skrubu, mswaki uliochakaa. Hakungoja hata tumalize salamu. "Mwalimu, hao watu wa juu, saa moja wanaihesabu kuanzia wapi?"

Swali hilo lina uzito kuliko yote niliyoandika kuhusu mwanaanga Gagarin na saa yake ya Sturmanskie. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua. Nyamyumba haijafika hata nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua hutoka nyuma ya milima karibu saa kumi na mbili na kuzama ng'ambo ya Ziwa Kivu, upande wa Kongo, karibu saa kumi na mbili. Mshale ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, na Mnyarwanda husema saa moya. Neno na hesabu yake vyote vilipanda kutoka pwani. Hatuoni ajabu kutazama saba na kutamka moja. Wageni ndio huachwa na boti.

Sasa mrushe mtu juu ya anga, uone jua linavyomchezea. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga Mmarekani John Glenn aliruka kutoka Florida, asubuhi ya kwao. Baada ya nusu saa hivi alikuwa akizungumza na Zanzibar, ambako Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu. (Wako Wazanzibari waliokishuku kuwa kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilifungwa.) Kwa watu wa Tunguu ilikuwa jioni halali, saa kumi na mbili na kitu. Glenn, ambaye kifungua kinywa kilikuwa bado tumboni, aliivuka pwani ya Afrika Mashariki, na juu ya Bahari ya Hindi jua likamzamia. Haikupita saa nzima, likamchomozea tena. Alizunguka dunia mara tatu kwa saa 4 na dakika 55, akahesabu magharibi tatu.

Mtu wa namna hiyo, jua halimfai kitu. Kwenye mkono wa vazi lake Glenn alifunga saa ya Heuer kwa mkanda wa kuvutika, nayo haikuwa saa ya kuulizia saa ngapi. Ilikuwa saa ya kupimia muda, kama ya mwamuzi wa mbio. Kwa hiyo nilimjibu fundi: saa moja yao huanzia pale roketi inapoachana na ardhi.

Scott Carpenter, aliyemfuata tarehe 24 Mei mwaka huohuo, aliona hiyo haitoshi. Ukitazama saa ya kawaida ukaona mshale kwenye 6, ni asubuhi au jioni? Chini hapa unachungulia dirishani. Juu kule dirisha linadanganya. Akaiomba Breitling saa yenye namba 24 usoni, ambayo mshale wake wa saa huzunguka mara moja tu kwa siku nzima. Saa ilikwenda vizuri, kilichoiua ni maji. Carpenter alitua baharini kilomita 400 hivi mbele ya mahali alipotarajiwa, akakaa kwenye boti ya mpira takriban saa tatu, na chumvi ikaingia mpaka ndani ya mashine.

Fundi alicheka. Maji ya chumvi hayajui, lakini saa zilizotumbukia Kivu ameshafungua nyingi. Kisha akaokota Seiko iliyokuwa mezani, ya zile zisizotiwa ufunguo, akaitikisa sikioni mwangu. "Na hii? Kama kule hakuna uzito, kile chuma cha ndani kitazungukaje?"

Hata wajuzi wamewahi kuapa kwamba hakizunguki. Lakini mwaka 1973 mwanaanga William Pogue alipanda kituo cha anga cha Skylab na Seiko ya aina hiyohiyo, aliyojinunulia mwenyewe bila kibali cha wakubwa, akakaa nayo siku 84, na ilifanya kazi. Kinachopotea kule ni uzito, ule ukaidi wa chuma kusukumwa haupotei. Panda basi la Karongi: kwenye kila kona gari linageuka, mwili wako unataka kuendelea kulekule ulikokuwa unakwenda, unamwegemea jirani. Mkono wa Pogue ndio basi. Ukigeuka ghafla, kile chuma cha nusu duara hubaki nyuma, na kule kubaki nyuma ndiko kunakokaza springi.

Fundi aliigeuza Seiko, akagonga kioo kwa ukucha. "Na hiki? Kikipasuka mle ndani, vipande vinaangukia wapi?"

Haviangukii popote, mzee. Bahati nzuri, saa ya Omega waliyoichagua Wamarekani mwaka 1965 ilikuwa na kioo cha plastiki, na ndiko tutakakoanzia wiki ijayo.