Mcheza Kwao Hutunzwa: Deni la Filamu Zisizotengenezwa

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea mno, hata aghalabu tunaitamka bila ya kujiuliza suali lililo nyuma yake: je, mcheza kwao asipotunzwa, ngoma yake huishia wapi? Leo tunapenda kulitazama suali hilo kwa kisa cha mtu mmoja wa Senegal, ambaye kazi alizoziacha ni chache na zile alizokusudia kuzifanya zingali zinangojwa na wapenzi wake. Kisa hiki kina funzo kwa sisi wananchi wa visiwani, na khasa kwa ndugu zetu waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni.

Djibril Diop Mambéty alizaliwa mwaka 1945 huko Colobane, kando ya mji wa Dakar, akiwa mtoto wa mwanachuoni wa Kiislamu. Hakupita katika skuli yoyote ya senema. Alianza kwa kuigiza katika jumba la taifa la Daniel Sorano, na huko akafukuzwa kwa sababu za nidhamu. Kufukuzwa hakukumvunja moyo. Alishika kamera, akatengeneza filamu fupi mbili, na mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 28 tu, akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, Touki Bouki, yaani "Safari ya Fisi" kwa lugha ya Kiwolof. Gharama yake hutajwa kuwa kiasi cha dola 30,000 za Marekani, ambazo kwa wenye senema zao huko ng'ambo ni fedha za kununulia chai.

Filamu hiyo yahusu vijana wawili, Mory na Anta, wanaopita Dakar kwa pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe, wakitafuta kwa kila hila nauli ya kwenda Paris. Wanafika bandarini, meli iko tayari, Anta anapanda; lakini Mory, mguu wake ukiwa karibu na ngazi, anageuka na kukimbia kurudi mjini. Sisi wa visiwani tunaijua bandari, tunayajua na machozi yake, wala hatuhitaji mfasiri kuufahamu moyo wa kijana yule. Filamu hiyo ilioneshwa Cannes na Moscow mwaka huo huo wa 1973, na mwaka 2022 wahakiki waliokusanywa na jarida moja la Uingereza waliihesabu miongoni mwa filamu 100 bora za dunia.

Ungedhani kwamba mtu aliyeanza hivyo angepewa nyenzo za kuendelea. Haikuwa hivyo. Kutoka Touki Bouki hadi filamu yake ndefu ya pili ilipita miaka 19. Katika muda huo wote waliompenda walikuwa wakiulizana lini atatoa nyengine, na jibu likawa ni filamu fupi moja ya mwaka 1989, inayoonesha mwenzake wa Burkina Faso, Idrissa Ouedraogo, akiwa kazini.

Hatimaye mwaka 1992 ikatoka Hyènes, yaani "Fisi", aliyoijenga juu ya mchezo wa mwandishi wa Uswisi, Friedrich Dürrenmatt. Bibi mmoja, Linguère Ramatou, anarudi Colobane akiwa na utajiri uliopindukia. Anawaahidi watu wa mji mali nyingi kwa sharti moja: wamuue mwenye duka aliyemtia mimba ujanani, kisha akamkana mbele ya hakimu. Watu wanakataa kwa kauli kali. Lakini punde si punde wanaanza kukopa viatu vipya na mafriji, na mwisho wake unafahamika. Sijui onyo gani kwa nchi changa juu ya mikopo na tamaa lililo bayana kuliko hilo.

Mambéty alikusudia filamu hizo mbili ziwe sehemu ya utatu juu ya nguvu na wazimu. Ya tatu ilikuwa iitwe "Malaika", neno ambalo kila mtoto wa chuoni kwetu analijua. Haikutengenezwa. Kadhalika alianza utatu wa pili, wa filamu fupi za watu wanyonge. Ya kwanza, Le Franc ya mwaka 1994, ni ya mwanamuziki fukara anayeshinda bahati nasibu ilhali tikiti ameigandisha mlangoni, na mwaka huo ndio sarafu ya nchi yake iliyopunguzwa thamani kwa nusu. Ya pili ni ya msichana Sili, anayetembea kwa magongo, akaamua kuuza magazeti kama wanavyouza wavulana. Hiyo ilitoka mwaka 1999, na mwenyewe hakuwahi kuiona ikitolewa, kwani alifariki Paris mwezi Julai 1998 akiwa na umri wa miaka 53. Ya tatu haikutengenezwa kamwe.

Wala si yeye peke yake. Mkubwa wao, Ousmane Sembène, aliyefariki mwaka 2007, kwa miongo mingi aliibeba azma ya kutengeneza filamu ya Samori Touré, imamu aliyepigana na Wafaransa hadi alipokamatwa mwaka 1898. Azma hiyo ameingia nayo kaburini.

Atasema msomaji, na atakuwa na haki ya kusema: kwanza maji, dawa na vitabu vya skuli, kisha filamu. Nasi tunakubali. Lakini tutazame vyema. Filamu ya msichana muuza magazeti ina dakika 45 tu. Haikuhitaji kufilisi hazina ya dola yoyote. Alichokosa Mambéty si mali ya Karuni. Alichokosa ni fedha ndogo kwa wakati wake, kutoka kwa watu wake. Sehemu ya fedha za Hyènes ilitoka Uswisi na Ufaransa, na mwenye kungojea kisima cha jirani hunywa siku jirani anapotaka.

Wapo wapenzi wanaotumaini kwamba siku moja mtu ataichukua "Malaika" na kuitengeneza. Tumaini hilo ni jema, lakini filamu si kama utenzi uliohifadhiwa kichwani. Ile aliyoiona Mambéty imekwenda naye. Tumaini lililo imara zaidi liko kwa mtoto wa ndugu yake, Mati Diop, ambaye mwaka 2013 alimfuata yule mwigizaji wa Mory, sasa mtu mzima mwenye kuchunga ng'ombe, akatengeneza filamu juu ya maisha yake. Mwaka 2019 filamu yake Atlantique, juu ya vijana wa Dakar wanaopotea baharini, ilipata tunzo ya pili kwa ukubwa huko Cannes. Hakuimaliza kazi ya ami yake, ameijibu.

Alhasili, kwetu pia wapo wenye daftari lililojaa na mkono mtupu: mtunzi, mchezaji wa jukwaani, kijana mwenye kamera ya kuazima. Ofisi zinazohusika hazishindwi kuwasikiliza, kuhifadhi maandishi yao, na kuwatengea kidogo kila mwaka kwa utaratibu unaoeleweka. Kutunza hufanywa ngoma ingali inachezwa. Tukingoja hadi matanga, tutakuwa tunamsifu maiti kwa kazi ambazo sisi wenyewe tulimzuilia.