Ng'ombe ana herufi ngapi?

Haraka haraka haina baraka. Ipe kompyuta methali hii iihesabu, nayo itakujibu hujapepesa jicho: herufi 23, na 11 kati yake ni ‘a’. ‘E’, ‘o’ na ‘u’ hazimo kabisa.

Aliyenionyesha ni dada mmoja anayeskani magazeti ya zamani na kuyageuza kuwa maandishi ya kompyuta. Anatumia Python, na programu yenyewe ni mistari michache: fungua faili, geuza herufi kubwa ziwe ndogo, hesabu. Ukiruka hatua ya pili, anasema, ‘H’ na ‘h’ zitahesabiwa kama wageni wasiojuana.

Mbinu ni ya kale. Al-Kindi wa Baghdad aliieleza katika karne ya 9, akilenga kufumbua maandishi ya siri. Dada huyu anasaka makosa. Kiswahili sanifu hakitumii ‘q’ wala ‘x’, hivyo zikijaa kwenye ukurasa, ama kuna majina ya kigeni, ama mashine imesoma vibaya.

Kosa analolihofia zaidi halionekani upesi hivyo. Wino ukififia, mashine huweza kuisoma ‘m’ kama ‘r’ na ‘n’ zilizobanana. Maneno ya Kiswahili yenye ‘rn’ ni ya kutafuta, kwa hiyo mtu hushawishika kuiagiza programu irudishe kila ‘rn’ kuwa ‘m’. Hapo ‘karne’ inakuwa ‘kame’. Na kwa kuwa kame ni neno halali, programu ya kukagua tahajia haishtuki. “Kame ya ishirini” inapita salama salimini. Ndiyo maana kila ‘rn’ anaikagua kwa macho yake.

Anayemnyima raha ni ng'ombe. Ukihesabu herufi tupu, ritifaa inaachwa nje, na ng'ombe anachanganywa na ngoma. Ukiihesabu, inasimama peke yake kana kwamba nayo ni herufi. Na ‘ch’ je? Kwa Python ni mbili. Kwa mtoto anayejifunza kusoma ni sauti moja. Yeye ameamua ‘ch’, ‘dh’, ‘sh’ na wenzao kila moja ihesabiwe mara moja, na uamuzi huo anauandika juu kabisa ya kila faili. Mwingine akilihesabu gazeti lile lile kwa kanuni nyingine, atapata jibu tofauti bila kukosea. Sasa tukisema ‘h’ ni nyingi au chache katika Kiswahili, tunafuata hesabu ya nani?