Tiketi ya ndege ni mkopo: kampuni ikianguka nani anabeba hasara?

UZI 🧵 Kuna swali ambalo halikosi kwenye midahalo ya siasa: serikali iendelee kuokoa shirika la ndege linalopata hasara, ama iliache life, soko lilete nauli nafuu? Wageni mnaojiunga leo, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Naanzia nyumbani Garsen, manake huko ndiko nilikoielewa hii kitu. Darasani niliikariri tu.

Mjomba wangu alivunjika nyonga. Akapewa tarehe ya kuonwa na daktari Nairobi. Anayeijua njia yetu anajua: unashuka Malindi, unapita Mombasa, ndipo unaanza kupanda bara. Kwa basi ni usiku mzima na zaidi. Mtu wa nyonga hawezi. Ikaundwa kamati ya mchango: gari hadi Malindi, kutoka hapo ndege. Kuna aliyetoa mia mbili, kuna aliyeuza mbuzi.

Kamati ikapata kampuni mbili. Ya kwanza, tuiite A, nauli elfu tano. Ya pili, B, elfu saba na mia tano. (Nimezungusha kidogo hesabu iwe rahisi.) Watu wawili, kwenda na kurudi, tiketi nne. Ukichukua A unaokoa elfu kumi.

Uvumi kuhusu A tulikuwa nao. Ati mishahara inachelewa, ati ndege zilizobaki ni chache, safari zinaunganishwa. Mzee mmoja akasema, "Elfu kumi hiyo ni dawa za mjomba wenu." Nani abishane na hilo? Tukalipa A, wiki sita mapema.

Siku nne kabla ya safari ukaja ujumbe: safari zimesitishwa kwa muda. Simu hazishikwi. Elfu ishirini za mchango mpaka leo hazijarudi.

Baadaye wakaniuliza mimi, eti msomi wa ukoo: tulifanya ujinga? Nikachukua kalamu. Ukienda na A na mambo yawe sawa, umelipa 5,000. A ikikwama, umepoteza 5,000 na sasa unatafuta B dakika za mwisho, ambapo kiti kimeshafika kama 10,000. Jumla 15,000. Ukipiga hesabu ya wastani, A inabaki nafuu kuliko B mradi uwezekano wa kukwama usizidi mara moja katika kila nne. Kwa hivyo hapana, haukuwa ujinga. Mfanyabiashara anayeruka kila wiki angechagua A na baada ya mwaka awe mbele.

Lakini mfanyabiashara ana ile elfu kumi ya kununua tena. Kamati ya mchango haina. Kwetu A ilipokwama hatukulipa zaidi, tulikosa safari kabisa, na tarehe ya daktari ikapita. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu kwenye runinga akisema "mwananchi ana uhuru wa kuchagua". Tiketi ni ile ile, hatari si ile ile. Aliye na akiba ananunua nauli nafuu. Asiye na akiba anacheza kamari bila kuambiwa.

Sasa tuingie kwa sheria kidogo, msikimbie.

Ukilipa tiketi leo ya safari ya mwezi ujao, umeikopesha kampuni. Bila riba, bila dhamana. Kampuni yenye shida inaupenda sana mkopo huu, kwa sababu pesa yako ya mwezi ujao ndiyo inanunua mafuta ya ndege ya leo. Ofa kubwa ya ghafla kwa tarehe za mbali inaweza kuwa biashara nzuri tu, na inaweza kuwa mtu anatafuta mafuta ya kesho.

Kampuni ikifilisika, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inapanga foleni. Ndege za kukodi zinarudi kwa wenyewe. Benki yenye dhamana inashika dhamana yake. Kisha gharama za kufilisi, mishahara ya wafanyakazi hadi kiwango fulani, kodi. Abiria yuko nyuma na wadai wasio na dhamana. Ikifika zamu yake, mara nyingi sufuria imeshakwanguliwa.

Na usidhani zinazoanguka ni zile zinazoruka tupu. Jetlink ya hapa Kenya ilisimamisha safari Novemba 2012 ikiwa na njia za ndani na ya Juba. Ilisema takriban dola milioni 2 za mauzo yake zimekwama Sudan Kusini kwa ukosefu wa fedha za kigeni. Pesa ipo kwa vitabu, kwa mkono haipo. Ndege haziendeshwi kwa vitabu.

Tanzania walikuwa na Fastjet. Ilianza mwisho wa 2012, nauli ya kuanzia shilingi 32,000 za kwao kabla ya kodi, na watu waliozoea basi la Mwanza wakaanza kuruka. Desemba 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya huko ikaipa notisi ya kusudio la kuifutia leseni, madeni yakiwa miongoni mwa sababu. Safari zikafutwa karibu na Krismasi. Hebu fikiria ni nani walikuwa wamelipia.

Hapa wengi huruka kwenye jibu: basi chukua ile ghali. Ngoja kwanza. Kampuni kuwa ghali si ushahidi kwamba ni imara.

Kenya Airways haijawahi kusifiwa kwa nauli za chini, na mwaka 2022 ilipata hasara ya shilingi bilioni 38.3. Mwaka 2024 ikapata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka kumi, kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara. Kwa hesabu za kawaida, kampuni ya namna hiyo abiria angeiogopa kuliko A yetu. Haogopi, kwa sababu nyuma yake kuna Hazina ya Taifa. Serikali ina karibu nusu ya hisa. Mwaka 2017 ilidhamini madeni yake ya dola milioni 750, na shirika liliposhindwa kulipa, mzigo ukahamia kwa mlipakodi. (Jambojet, iliyoanza 2014 kwa nauli za chini, ni mali ya shirika hilo hilo. Nafuu pia si ushahidi kwamba kampuni inayumba.)

Yaani tiketi hiyo ina bei mbili. Moja unalipa ukinunua. Nyingine inalipwa na mama anayeuza samaki Minjila, kila anapoweka muda wa simu au kununua sabuni, na huenda hajawahi hata kufika uwanja wa ndege wa Malindi.

Anayetetea uokoaji ana hoja: ajira, mizigo ya maua, watalii, jina la nchi. Sizidharau. Ila nataka mdahalo useme wazi kwamba hatari haikuondoka, ilihamishwa. Upande mmoja ilimwangukia mjomba. Upande wa pili inamwangukia mama wa samaki. Wenye kampuni mbona hatuwasikii kwa foleni hii?

Kuna njia za katikati. Mamlaka yetu ya usafiri wa anga huangalia uwezo wa kifedha kabla ya kutoa leseni. Swali ni nani anauangalia baada ya hapo, na abiria anaambiwa lini. Unaweza kulazimisha kampuni iweke pesa za tiketi kwenye akaunti ya amana mpaka ndege iruke. Mimi napenda wazo hili, lakini nakubali linauma: kampuni ndogo nyingi zinaishi kwa pesa hizo, na zikifa Malindi inabaki na kampuni moja au mbili, nauli inapanda.

Uingereza wana mfuko wa akiba kwa safari za vifurushi, ambapo kampuni za utalii huchangia pauni 2.50 kwa kila msafiri. Monarch ilipoanguka Oktoba 2017, watu zaidi ya 80,000 walirudishwa nyumbani, hata wasiokuwa ndani ya mfuko, na serikali ikaingia mfukoni. Kwetu shilingi hamsini kwa kila tiketi ingeanzisha kitu. Ningeichagua hiyo kabla ya kudhamini deni lingine. Mgombea yeyote atakayewaambia atapunguza nauli, muulizeni hili kwanza.

Wakati tunangoja: ukiwa na kadi, lipa kwa kadi, manake benki ina utaratibu wa kudai pesa ya huduma ambayo hukupewa. Ukilipa kwa M-Pesa, pesa ikishaingia kwa kampuni, kurudi kwake kunategemea kampuni ikubali. Watu wetu wengi wanalipa kwa M-Pesa. Sasa mnaona tena hatari inakokwenda.

Mjomba alifika Nairobi, wiki tano baada ya tarehe yake, kwa mchango wa pili. Safari hii mweka hazina alinunua B, tiketi mbili za kwenda tu. Za kurudi alikataa kununua mpaka daktari amalize, na hakuna aliyebishana naye.