Kuyeyuka na Kumumunyika: Tofauti ya Istilahi katika Kemia

Katika mazungumzo ya kawaida, kitenzi yeyuka hubeba dhana mbili: barafu huyeyuka juani, na sukari huyeyuka chaini. Kemia haiwezi kuridhika na utata huu. Chumvi ya mezani huyeyuka, yaani hugeuka kutoka yabisi kuwa kiowevu, ifikiapo nyuzi 801 za Selsiasi; ilhali chumvi iyo hiyo hutoweka katika maji baridi bila moto wowote. Mchakato wa kwanza wahitaji joto. Wa pili wahitaji kiowevu.

Hapa ndipo kitenzi mumunyika kinapofaa. Kimetokana na mumunya, yaani kula kitu, kama vile peremende, bila kukitafuna. Kwa unyambuzi hupatikana kimumunyishi (maji), kimumunyishwa (chumvi) na mmumunyo, ambao ni zao la viwili hivyo.

Mmumunyo wenye chumvi nyingi husemwa kuwa umekolea. Ukiongezwa maji, umezimuliwa. Maneno haya yametoka jikoni. Gramu 100 za maji yenye nyuzi 20 humumunyisha takriban gramu 36 za chumvi. Inayozidi hapo hutuama chini, nao mmumunyo umekifu.

Baadhi ya waandishi hutumia kiyeyushi na myeyusho kwa dhana zizo hizo. Hata hivyo, mwanafunzi aambiwaye tu "yeyusha chumvi" hatajua iwapo awashe tanuri au achote maji.